Mlango wa Mzigo wa Majani

Baba yangu alikuwa na sheria moja ya ufundi, na aliitamka kila alipohisi mdomo wangu unataka kufunguka mbele ya mteja: "Fundi haulizi. Fundi anajua." Mimi sasa ni mzee, meno yangu ni ya kuhesabu, na bado nikiikumbuka sheria hiyo damu inanichemka. Simchukii baba, Mungu amrehemu. Ninachokasirikia ni kwamba niliiamini mpaka nikafikisha miaka kumi na tisa, na kwa kuiamini kwangu nusura bibi mmoja wa Kibosho avunjiwe nyumba yake huku anaangalia.

Tulikaa Moshi mjini, mimi na baba peke yetu, maana mama alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na kibanda cha useremala ubavuni, na kutwa kucha ilinukia maranda. Sisi wa mjini tulikuwa mchanganyiko. Bibi mzaa baba alitoka Pangani, mama alikuwa Mpare, majirani walikuwa Wanyamwezi na Wamanyema, na sote tulisema Kiswahili tangu kuamka mpaka kulala. Watu wa mlimani walikuwa na lugha yao na vihamba vyao vya migomba na kahawa, na sisi tuliwajua kama wateja tu. Vita vilikuwa vimekwisha, kahawa ilikuwa na bei, na kila aliyevuna vizuri alitaka nyumba ya bati. Baba alikuwa seremala na mwashi kwa pamoja, kwa hiyo kazi ilitufuata mpaka mlangoni.

Lakini nyumba yetu ilikuwa na siri. Baba alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwanza jicho la kulia, akahamia la kushoto, na kufikia wakati ninaousimulia alikuwa anaona kivuli na mwanga, basi. Mbao alizijua kwa kidole gumba. Alipitisha kidole akakwambia hapa pana fundo, hapa randa haijapita. Ila penseli na futi vilikuwa mkononi mwangu. Yeye alisema, mimi nikachora. Wateja tuliwaambia kwamba mkono wake una ganzi. Nani angempa kazi ya nyumba fundi asiyeona? Ndiyo maana sheria ya kutouliza ikawa kali kuliko alivyofundishwa na fundi wake wa zamani. Mtu asiyeona akiuliza "hapa pana nini?" amekwisha jitangaza.

Basi tukawa hatuulizi. Bomani kulikuwa na ramani ya serikali imebandikwa ukutani, nyumba ya mfano, ya mraba, vyumba vitatu, madirisha mawili, mlango wa futi mbili na nusu. Nilikwenda nikainakili kwenye karatasi ya sukari, na kuanzia siku hiyo kila mteja alijengewa nyumba ile ile. Swali pekee tuliloliruhusu lilikuwa "vyumba vingapi?" Na mlango, nisisahau kusema, niliupima kwa mabega ya baba. Alisimama, nikapima, nikaongeza inchi chache, nikaandika. Nilijiona hodari kweli kweli.

Ndipo akaja mkulima mmoja wa Kibosho. Alikuwa mtu mzima, Mkatoliki wa kushika dini, amevaa koti hata jua likiwaka. Alitaka nyumba ya mawe, sementi na bati kwa ajili ya mama yake mzazi, mjane, aliyekuwa bado anaishi kwenye msonge, ile nyumba ya duara iliyoezekwa majani mpaka chini. "Mama yangu amenilea kwenye moshi," alisema. "Hatafia kwenye moshi." Alisema hivyo macho yakiwa mekundu. Alimpenda mama yake, na lazima niliseme hilo kabla sijasema mengine.

Tulipanda Kibosho na lori la kahawa, tukajenga miezi mitatu. Kila siku alasiri yule bibi alipita mbele yetu amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe, mkubwa hata kichwa chake hakionekani, na kila siku nilimwambia "Shikamoo, bibi," naye akaitikia "Marahaba" kutoka ndani ya majani. Miezi mitatu! Nilimwamkia kila siku, na hata siku moja sikumwuliza anapeleka wapi mzigo ule, wala unakaaje pale anapoupeleka. Nilikuwa nachora nyumba yake.

Siku ya kuhamia walikuja watu wengi. Katekista alisali, wanawake wakapiga vigelegele, na yule mkulima akamshika mama yake mkono akamwingiza. Bibi akatazama juu, akaona bati. Akatazama chini, akaona sementi inang'aa. Akatazama kuta nne. Kisha akauliza swali moja tu, kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie:

"Na ng'ombe wangu atalala wapi?"

"Zizini, mama," mwanawe akajibu. "Kule chini, nyuma ya migomba."

Bibi akatoka. Hakugomba wala hakulia. Alivuka uwanja, akaketi mlangoni pa msonge wake, akajifunga kanga vizuri, na hapo hakuinuka tena. Watu wakaanza kucheka kwa chini. Mkulima akapandwa na hasira, akaapa mbele ya wote kwamba Jumatatu ya wiki ya pili atakuja na vijana na mashoka, na msonge ule utalala chini, mama atake asitake. Halafu akamgeukia baba: "Fundi, umenijengea nyumba gani hii ambayo mama yangu anaikimbia?"

Baba alisimama ameshika ukuta. Mimi nilijua kwa nini ameushika.

Ndani ya lori tukirudi alisema, "Kizee kikaidi."

"Baba, hatukumwuliza."

"Nyamaza."

Nilinyamaza siku nne. Siku ya tano, Jumatano, nikamwambia naenda Kibosho.

"Kufanya nini?"

"Kumwuliza."

Mwe! Alipiga meza mpaka misumari ikaruka. "Ukienda kuuliza utatangaza kwamba hatujui. Nyumba imekwisha! Nani anauliza baada ya nyumba kwisha? Unataka kunivua nguo mbele za watu?"

"Jumatatu wanavunja nyumba ya yule bibi, baba. Na ile tuliyompa, yeye haitaki. Atalala wapi?"

"Ukivuka kizingiti hicho, usinirudie na maswali yako."

"Nitarudi na majibu," nikasema, nikavuka. Sikuwahi kumjibu baba hivyo tangu nizaliwe. Nikaenda moja kwa moja mpaka sokoni kwenye malori.

Sasa sikieni ujinga wa mtu wa mjini. Nilikuwa nimesikia kwamba mlimani, ukitaka kuomba msamaha, unakwenda na jani la sale, ule mmea wao wa majani marefu, na anayeombwa kwa jani hilo hawezi kukataa. Nikasema vyema, nami nitakwenda na sale kama mtu mwenye adabu. Nilipofika kwenye kihamba cha bibi nikaona masale yamestawi, yamepangwa vizuri kwenye kona chini ya migomba. Nikachuma moja, refu, zuri, nikalifunga fundo, nikaenda nikapiga magoti mbele yake nikalinyoosha kwa mikono miwili.

Bibi alilitazama jani. Akatazama kule kwenye kona. Akanitazama mimi.

"Umelitoa wapi?"

Nikaonyesha.

"Pale amelala mume wangu," akasema. "Masale yale ndiyo alama ya kaburi lake. Umemvunjia mume wangu uzio, halafu unaniletea kipande cha uzio huo uniombe msamaha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilianza kulia pale pale, machozi ya kweli, na bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Hee, watu wa mjini! Ungeuliza tu, mwanangu. 'Bibi, sale linachumwa wapi?' Ulimi ungekatika?"

Nikamwambia kwetu fundi haulizi.

"Nimeona," akasema, na akanyoosha kidevu kuelekea kwenye nyumba ya sementi.

Nikamwambia nimekuja kuuliza sasa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi kifupi, lakini kila neno lilifika. "Kuuliza kwa mdomo ni rahisi," alisema. "Kesho tutakwenda majani."

Alfajiri aliniamsha, akanipa mundu na kamba ya mgomba, tukashuka na wanawake wengine mpaka tambarare, kule joto linakoanza. Tulikata majani mpaka jua likawa la utosi. Wenzangu walinicheka jinsi nilivyoushika mundu, wakaniuliza kama mjini ng'ombe wanakula karatasi. Mmoja aliniambia kiherehere changu kitanikosesha mume. Nikamwambia mume anayeogopa maswali abaki kwao. Wakashangilia, wakanipenda kidogo. Kisha wakanitwika.

Enyi mnaobeba mikoba, hamjui mzigo. Majani mabichi yana uzito wa hila. Mwanzo unaona ni majani tu, nusu ya njia shingo inaingia kifuani. Na mzigo wenyewe ni mpana, unazidi mabega huku na huku, unaona miguu yako tu. Ukiutua njiani huwezi kujitwika tena peke yako. Lazima awepo mtu wa kukutwika. Kwa hiyo hutui. Unapanda mlima na mzigo wako mpaka unapofika.

Tulipofika kihambani bibi aliingia kwake. Mlango wa msonge kwa nje unaonekana mdogo, mimi nilikuwa nauita tundu. Kumbe pembeni palikuwa na upenyo wa fito, mpana, wa kuinua na kushusha. Aliuinua kwa goti, akapita na mzigo wote, akageuza mgongo na kuuangusha mbele ya ng'ombe wake. Mara moja, bila msaada wa mtu. Nami nikataka kumfuata.

"Wewe hapana," akasema. "Wewe peleka kwenye nyumba yako."

Nikaenda. Nikafika kwenye ngazi tatu za sementi nilizozichora mimi, nikapanda nikipapasa kwa vidole vya miguu maana sioni. Nikafika kwenye mlango wangu wa futi mbili na nusu. Mzigo ukagonga kulia, ukagonga kushoto. Nikajaribu ubavu. Ubavu haukufaa. Nikarudi nyuma, nikakosa ngazi, nikaanguka mimi na majani yangu mpaka chini. Wanawake wakacheka hadi wakakaa chini. Bibi hakucheka.

Nililala pale kwenye majani nikiutazama ule mlango, na nikauelewa. Ulipimwa kwa mwanamume asiyebeba kitu. Na nani kwenye nyumba ile angeingia mikono mitupu? Hakuna! Nilijionea aibu kuliko nilipochuma sale.

Nilikaa kwa bibi mpaka Jumamosi. Sikuwa na daftari. Nilikuwa na macho, na safari hii niliyatumia. Alinipa maziwa kwa sababu alijua mbege, ile pombe yao ya ndizi, sinywi. Niliketi pembeni ya mafiga, nikamwuliza kila kitu kama mtoto wa miaka mitatu. Kwa nini dari la fito liko juu ya moto? Kwa sababu ulezi wa mbegu unakaa huko, na masizi yanafukuza wadudu, na kuni zinakauka hata wakati wa masika. Kwenye nyumba ya sementi hakukuwa na dari wala moto, jiko lilikuwa nje. Ulezi ungeoza kabla ya Pasaka. Kwa nini ng'ombe alale ndani? Kwa sababu baridi ya mlimani si mchezo na ng'ombe ni joto. Kwa sababu samadi ni ya migomba na hutaki ipotee. Kwa sababu wezi. Alipofika hapo akachochea moto.

"Na kwa sababu mume wangu amelala pale kwenye masale," akasema. "Ng'ombe akicheua, najua kwamba kuna mwenzangu ndani."

Mwanawe hakujua hilo. Hakuwahi kuuliza naye, kama sisi tu. Mnaona? Alijenga nyumba ya kumwonyesha mama yake upendo, na ndani yake akamwondolea mwenzake wa mwisho.

Jumamosi nilishuka mjini. Jumapili nilichora kutwa. Sikuchora nyumba mpya. Nilichora namna ya kuivunja ile kidogo na kuiponya. Ukuta wa mbele ubomolewe, uwekwe mlango mpana wa mbao mbili zinazofunguka huku na huku. Ngazi ziondolewe, uwekwe mteremko. Kuta mbili za ndani zitoke. Upande wa kulia ng'ombe, na mfereji wa kupeleka mkojo na samadi migombani. Upande wa kushoto kitanda, na katikati ukuta wa kufika kiunoni, ili Bwana Afya akija kukagua usafi asipate la kusema na bibi amwone ng'ombe wake akiwa amelala. Mafiga ndani, dari la fito juu yake, na tundu la moshi kwenye paa.

Nikamwekea baba karatasi mkononi. Akaishika. Sote wawili tulijua haoni kilichoandikwa. Nikaanza kumweleza, na nilipofika kwenye ng'ombe akaitupa.

"Nyumba ya sementi uifanye zizi! Watasema fundi amekosea, amerudi kurekebisha."

"Tumekosea, baba."

"Mimi sijakosea! Nimejenga kabla hujazaliwa."

"Umejenga ulipokuwa unaona!"

Yalinitoka. Sikuyapanga. Katika miaka mitatu hakuna aliyekuwa ameyasema maneno hayo ndani ya nyumba ile, si yeye wala mimi. Wazee wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilikuwa nimekianzisha kilio chenyewe.

"Wewe huoni, baba," nikasema, sasa nalia, "lakini kosa ni langu. Mimi nilikuwa naona. Miezi mitatu yule bibi amepita mbele yangu na mzigo wake, na sikutazama."

Baba aliingia chumbani, akafunga mlango. Alfajiri ya Jumatatu nilikusanya msumeno, nyundo, patasi, timazi na futi, vifaa vyake vyote alivyonikataza kuvigusa bila ruhusa, nikavifunga kwenye gunia na kupanda lori peke yangu. Nilijua kwamba nikirudi huenda nisifunguliwe.

Kibosho nikakuta vijana sita wameshafika na mashoka na kamba. Mkulima alikuwa katikati ya uwanja, na lile koti lake. Bibi alikuwa hayupo. Nikamwendea mkulima nikamwambia, "Baba, naomba uitazame karatasi hii. Nimempa ng'ombe wa bibi nafasi ndani."

"Baba yako yuko wapi?"

"Nimekuja mimi."

"Sina shida na watoto." Hakuishika hata karatasi. "Ng'ombe ndani ya nyumba yangu ya sementi? Padri akija kunitembelea nimkaribishe apite kwapani mwa ng'ombe? Ondoka hapo."

"Si nyumba yako. Ni ya mama yako."

Vijana wakaguna. Mkulima akafungua mdomo, na sijui angesema nini, maana wakati huo huo bibi alitokea kwenye njia ya migombani. Alikuwa ameshuka tambarare tangu usiku haujaisha, amekata, na amerudi na mzigo kichwani, mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona nao. Hakuelekea kwenye msonge. Alipita katikati yetu, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya sementi, akapanda ngazi moja, ya pili, ya tatu, polepole, akipapasa kwa vidole vya miguu. Akafika mlangoni. Mzigo ukagonga huku na huku. Akasimama.

Kijana mmoja alikimbia kumtua. "Niache," bibi akasema kutoka ndani ya majani.

Akasimama hivyo hivyo mbele ya mlango. Hakusukuma wala hakurudi nyuma. Tuliona miguu yake tu, na miguu ile ilianza kutetemeka. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia, maana nilielewa kwamba anamwonyesha mtu mmoja tu. Mkulima alikaza taya. Alimtazama mama yake, akautazama mlango, akamtazama tena mama yake. Sijui ilichukua muda gani. Kisha akavua koti, akalitupa chini, akapanda zile ngazi, akaushika mzigo kwa mikono yake miwili, mwanamume kushika majani ya ng'ombe mbele ya watu, akamtua mama yake.

"Mama," akasema, "kila siku unabeba hivi?"

"Tangu sijakuzaa."

Akakaa kwenye ngazi. Majani yalikuwa yamemkaa kwenye nywele. Halafu akawaambia vijana, "Vunjeni."

Vijana wakainua mashoka, wakaelekea kwenye msonge.

"Siyo hiyo," mkulima akasema. Akapiga ukuta wa sementi nyuma yake kwa kiganja. "Hii."

Hapo ndipo niliposikia sauti nyuma yangu ikisema, "Mvunje upana gani? Ngojeni kwanza."

Alikuwa baba. Vumbi mpaka kwenye kofia, kanzu imechanika pindoni, fimbo mkononi. Hakuwa ametoka nje ya mtaa wetu bila mimi kwa miaka miwili. Baadaye aliniambia kwamba tangu sokoni mpaka pale aliuliza njia mara tisa. Mara tisa! Alizihesabu, kwa sababu kila moja ilimuuma.

Alisogea akifuata sauti za watu mpaka karibu na ngazi. "Mama mwenye nyumba yuko wapi?"

"Nipo hapa," bibi akasema.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye fundi. Naomba nikuulize, mlango uwe na upana gani?"

Bibi akanyoosha mikono yake miwili kuonyesha. Baba akangoja. Bibi akangoja. Watu wakaanza kutazamana.

"Kwani fundi huoni?"

"Sioni, mama. Mwaka wa tatu huu. Anayechora ni huyu binti yangu. Na kuuliza nimejifunza kwake, leo asubuhi."

Wote wakanigeukia. Mimi nililia mbele za watu bila haya, na sijutii hata chozi moja. Bibi akamwambia mwanawe aulete ule mzigo, akauweka mbele ya baba, akasema, "Basi ushike, fundi. Upana ni huo." Baba akapiga magoti kwenye vumbi, akaukumbatia mzigo wa majani, vidole vyake havikukutana upande wa pili. Akakaa hivyo, ameulaza shavu juu yake, anaupima. Kisha akaniita jina langu, akasema, "Andika."

Nikaandika. Futi nne na nusu.

Mjini tulipoteza wateja, ndiyo. Wapo waliosema fundi kipofu na binti asiye na adabu, nani atawapa kazi. Lakini mlimani wakaanza kunitafuta kwa jina la "yule anayeuliza," na nimechora nyumba mpaka mikono yangu ilipoanza kutetemeka, na hakuna hata moja niliyoichora kabla sijaubeba mzigo wa mwenyewe. Bibi aliishi na ng'ombe wake mle ndani miaka mingi, na msonge ukaanguka wenyewe kwa uzee wake, bila shoka.

Nyumba ile ipo mpaka leo. Wanaopita barabarani huutazama mlango wake, wakacheka, wakasema fundi alikosea vipimo. Waache wacheke. Hawajauliza.